Jinsi ya kurudia anime kwa pamoja mpaka episodi ya mwisho: mwongozo kamili kwa mashabiki wa Kigoma

Kila mara naona kitu kilekile. Mtu anafungua grupu la WhatsApp, anaandika kwa herufi kubwa TUNARUDIA NARUTO WOTE, watu wanaingia kama mvua, Jumapili ya kwanza sebule imejaa mpaka wengine wako dirishani, ya pili wamebaki nusu, ya tatu admini yuko na mdogo wake tu na huyo mdogo mtu kashikilia simu. Halafu wananifuata inboksi kuniuliza wanunue projekta gani.

Jamani, projekta haina kosa.

Mara ya kwanza unaangalia anime (katuni za Kijapani), hadithi yenyewe ndo inakuvuta. Unataka kujua nani anakufa, nani msaliti, hata umeme ukikatika utatafuta kwa jirani mwenye sola. Mara ya pili unajua yote hayo, kwa hiyo hakuna kitu ndani ya hadithi cha kukutoa Gungu mpaka Mwanga Jumapili jua linawaka. Kazi ya kuvuta imehamia kwako wewe unayeandaa. Ukisoma hatua zote hapa chini utaona ziko kwa sababu hiyo, nyingine za ufundi, nyingine za watu, na za watu ndo ngumu.

Mfano wangu humu ni Death Note, ni fupi na wengi mshaiona. Sitataja kinachotokea ndani, kwa hiyo na wageni someni tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaita mtu

Skrini. TV ya inchi 43 inatosha watu wanane waliokaa karibu. Projekta ni nzuri ila kumbuka tuko mwisho kabisa wa magharibi ya nchi na saa tunayotumia ni ileile ya Dar, jua letu linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa moja jioni. Projekta ya kawaida kabla ya hapo inakuonyesha vivuli tu, hata ukifunga mapazia. Mchana tumia TV.

Laptopu na waya wa HDMI wa mita tatu au zaidi. Waya mfupi unailazimisha laptopu ikae sakafuni mbele ya TV, na hapo lazima mtu aikanyage.

Sabufa. Spika za TV nyingi zinatazama ukutani, waliokaa nyuma hawasikii kitu.

Gadi ya TV na ekstensheni nzima. Umeme ukirudi kwa kishindo bila gadi, TV ya watu inaenda na urafiki unaenda nao.

Mahali halali pa kuipata anime yenyewe, iwe akaunti ya Netflix, Crunchyroll au diski zako. Angalia kama episodi ZOTE zipo, sio msimu mmoja. Na kama akaunti ni ya kile kifurushi cha simu tu, hicho hakitoi picha kwenye TV, msije mkagundua watu wameshakaa.

Daftari. La kawaida, sio lile la Death Note.

Ruhusa ya mwenye nyumba. Sio ya rafiki yako, ya mama yake. Nenda mwenyewe, msalimie vizuri, mwambie ni watu wangapi, siku gani, mnaanza saa ngapi na mnaondoka saa ngapi. Ukimwambia saa ya kuondoka na mkaiheshimu mara mbili tu, hatawasumbua tena. Usipomwambia, kila wiki ataona ni uvamizi mpya.

Na la mwisho kwenye vitu, pesa. Mchango wa mihogo, juisi na umeme ni sawa, na umeme wenyewe ni mdogo, TV, sabufa na laptopu kwa masaa mawili hazili hata uniti moja ya LUKU. Ila usitoze kiingilio. Ukitoza umeshakuwa banda la video, na banda lina vibali vyake na wenye kazi zao wana haki zao. Sebuleni, marafiki, bure.

## Hatua ya 1: Anza na watu, anime baadaye

Wengi wanafanya kinyume, wanatangaza anime halafu wanangoja nani atakuja. Wanapata umati usiojuana na umati hauna aibu ya kukosa.

Tafuta watu watano mpaka wanane. Chini ya watano, wawili wakiugua imekufa. Zaidi ya wanane watu wanaanza kujigawa, waliokaa nyuma wana maongezi yao, na mama mwenye nyumba anahesabu viatu mlangoni.

Waite mmojammoja, kwa simu au ana kwa ana, uulize swali moja: "Unaweza kutoa Jumapili tisa?" Usiulize "unapenda Death Note?" maana kila mtu atasema ndio. Anayesema "ntajitahidi" muweke kwenye akiba, usimhesabu.

Changanya wakongwe na wageni. Mgeni mmoja au wawili ambao hawajawahi kuiona ni dhahabu, kwa sababu nusu ya raha ya kurudia ni kumwangalia mtu mwingine akiipata kwa mara ya kwanza. Wakizidi nusu hapo sasa sio kurudia tena, wakongwe watakaa kimya masaa mawili wakiogopa kuharibu.

*Utajua imekaa sawa:* una majina kwenye daftari, na kila mmoja amekubali idadi ya wiki, sio wazo.

## Hatua ya 2: Chagua kwa hesabu, sio kwa mapenzi

Mapenzi ndo yanawapeleka watu kwenye Naruto. Hebu tupige hesabu.

Naruto ya kwanza ina episodi 220. Mkienda nne kwa wiki ni wiki 55, yaani zaidi ya mwaka mzima, na hapo Shippuden yenye 500 haijaguswa. Ndani ya mwaka mmoja mtu anahamia Dodoma, mwingine anaolewa, mwingine anapata kazi Uvinza. Hakuna grupu linalovuka hapo. Mkiitaka kweli Naruto basi chagueni kipande kimoja cha hadithi, na mjue kuwa kuanzia kama episodi ya 136 karibu zote mpaka mwisho ni za kujazia, hazimo kwenye manga, yaani vitabu vya katuni ilikotoka hadithi.

Fullmetal Alchemist: Brotherhood ina 64. Nne kwa wiki ni wiki 16, inawezekana kwa watu waliokwisha kufanya moja fupi pamoja.

Death Note ina 37, kila moja kama dakika 23, jumla masaa kama 14. Hii ndo saizi ya grupu jipya.

Kwa hiyo piga kura ya WhatsApp yenye chaguo tatu tu, na pembeni ya kila jina andika wiki zake. Usiulize "tuangalie nini?" ukaacha wazi, utapata majina ishirini na ugomvi. Kura iishe ndani ya siku mbili. Iliyoshinda imeshinda, anayenuna atanuna wiki moja tu.

*Onyo:* nyingine kama Death Note na Fullmetal zina vifo na mambo mazito ya kujiua na watoto kuumia. Kama nyumba ina wadogo wa miaka saba au nane wanaozunguka sebuleni, ama wapelekwe nje ama mchague nyingine. Katuni haimaanishi ya watoto, na wazazi wetu hawajui hilo, kwa hiyo ni jukumu lako wewe kuwaambia.

## Hatua ya 3: Kata vipande panapokata hadithi

Hii ndo hatua watu wanairuka kabisa, wanasema tu "nne nne" mpaka ziishe. Nne ni kipimo kizuri cha kuanzia, sawa, lakini ukikata kwa namba tupu utajikuta umesimama katikati ya sehemu isiyo na maana, na siku nyingine umepitiliza pale ambapo watu walitakiwa wapumue.

Death Note mimi naikata hivi:

1. Wiki ya 1 hadi ya 5: episodi 1–4, 5–8, 9–12, 13–16, 17–20
2. Wiki ya 6: 21–25, yaani tano siku moja
3. Wiki ya 7 na ya 8: 27–30, kisha 31–34
4. Wiki ya 9: 35–37

Sababu zake. Episodi ya 25 lazima iwe ya mwisho kwa siku yake, walioiona wanajua, baada ya pale hakuna mtu ana hamu ya kuangalia kitu kingine na mgeni wenu mwacheni akae nayo wiki nzima. Kwa nne nne tupu ingeangukia mwanzo wa siku na mngeipita kama gari la harusi. Ya 26 sehemu kubwa ni marudio ya yaliyopita, mtu akiitaka aangalie mwenyewe katikati ya wiki, na inamsaidia yule aliyekosa siku. Wiki ya mwisho ina tatu tu ili mbakiwe na muda wa kubishana.

Wanaochagua Fullmetal, wimbo wa mwanzo unabadilika episodi za 15, 27, 39 na 51, na hizo ni alama nzuri za kujua sehemu mpya imeanza. Ya 4 isipite bila mapumziko, mnajua ni ipi.

*Utajua imekaa sawa:* una ratiba ya ukurasa mmoja yenye tarehe ya MWISHO. Hiyo tarehe ya mwisho ndo siri. Mtu anavumilia wiki tisa zinazojulikana, havumilii "tutaona tutakapofika".

## Hatua ya 4: Siku na saa

Kwa hapa Kigoma nafasi bora ni Jumapili kati ya Alasiri na Magharibi. Wa kanisani washatoka, wa msikitini wanaswali Alasiri ndo wanakuja na wanawahi Magharibi, dada zetu wanaorudi Ujiji au Bangwe wanapanda daladala bado kuna mwanga. Na nafasi yenyewe inatosha nne kamili:

- 10:30 jioni watu wanaingia
- 10:45 mnabonyeza, wawe wamefika wote au hawajafika
- episodi mbili, mapumziko dakika kumi, episodi mbili
- 12:20 mmemaliza, mnaongea mpaka watu waanze kuondoka

Ile wiki ya 6 yenye episodi tano anzeni robo saa mapema.

Wimbo wa mwanzo na wa mwisho ni kama dakika moja na nusu kila mmoja. Angalieni ule wa mwanzo mara moja tu kwa siku, kwenye episodi ya kwanza, muuimbe kwa kelele mnavyotaka, halafu zilizobaki ruka. Kwa Death Note nzima mnaokoa kama saa moja na nusu. Ila wimbo unabadilika episodi ya 20, ule msiuruke, ni kichaa.

Cheki ratiba ya Simba na Yanga kabla hujafunga tarehe. Siku ya dabi usijaribu hata, ahirisha mapema kwa heshima kuliko kukaa na viti vitupu.

Na msimu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ya huku ikigonga bati husikii hata mtu aliye pembeni yako, sembuse Kijapani. Kiangazi ndo chenyewe, Juni mpaka Septemba. Mkilazimika wakati wa mvua basi sauti ya Kijapani na sabtaito ni lazima, maana mnasoma, wakati dabu, yaani sauti iliyowekwa Kiingereza, usipoisikia ni bure.

## Hatua ya 5: Mpe kila mtu mhusika wake

Kama utafuata hatua moja tu katika hizi fuata hii.

Kabla ya siku ya kwanza kila mtu anachagua mhusika mmoja wa pembeni, sio Light na sio L, hao ndo wahusika wakuu, kila mtu anawaangalia tayari. Baba yake Light, Matsuda, Misa, Ryuk, yeyote. Kazi yake wiki zote ni kumfuatilia huyo tu, anajua nini, anadanganywa na nani, uso wake uko vipi wakati wengine wanaongea. Mwisho wa kila siku anapewa dakika mbili aeleze.

Inafanya mambo mawili. Kwanza, anime uliyodhani unaijua inakuwa nyingine. Ukimfuata baba mtu kuanzia mwanzo, yule mzee anayerudi nyumbani amechoka, unaona hadithi ya familia ambayo mara ya kwanza uliipita ukikimbilia akili za mtoto wake. Pili, na hii ndo ya kuvuta watu, ukikosa siku mhusika wako hana wa kumsemea. Watu wataandika "Matsuda leo nani anamripoti?" na wewe ukiwa kitandani Katubuka utaona aibu, utakuja.

Mhusika akitoka kwenye hadithi mwenye naye anachukua mwingine. Angalizo kwa wakongwe: mgeni anapochagua, msicheke, msitazamane. Mkicheka mmeshamwambia.

Juu ya hapo kila wiki mtu mmoja kwa zamu analeta swali moja kabla ya kubonyeza. Dogo na la kuhesabika. Kwa mfano L ana tabia ya kutaja asilimia za mashaka yake, wiki hii tuziandike zote kwenye daftari tuone zinapanda kwa ushahidi au kwa kiburi. Au matufaha ya Ryuk, yanatokea wakati gani. Swali la "mna maoni gani?" halifai, linaleta kimya.

*Utajua imekaa sawa:* kufikia wiki ya tatu watu wanabishana kuhusu wahusika wao njiani wakiondoka, bila wewe kuwaambia.

## Hatua ya 6: Sheria ya spoila

Spoila ni kumharibia mtu kwa kumwambia kinachokuja. Sheria yake fupi, ibandike juu ya grupu: *hakuna kuongelea kitu mbele ya episodi tuliyofika, sebuleni wala kwenye grupu wala stetasi.* Hata vichekesho, hata stika. Stika ndo zinaua zaidi, mtu anatuma uso wa mhusika analia na mgeni anajumlisha mwenyewe.

WhatsApp haina namna ya kuficha maneno kama Telegram, kwa hiyo mkongwe akiwa na la kusema aandike namba ya episodi kwanza, halafu nukta moja kila mstari kwenda chini mistari mingi, ndo aandike. Ujumbe mrefu unajikata na aliye nyuma hatafungua. Bora zaidi fungueni grupu la pili la wakongwe watupu, mkatoe huko moyo wenu.

Mkiwa sebuleni wageni wakae mbele na wakongwe nyuma. Inaonekana kitu kidogo lakini mkongwe akijua kitu kinakuja anajikunja, anavuta pumzi, anamtazama mgeni. Akiwa nyuma hilo halionekani.

## Hatua ya 7: Jaribu mitambo jana yake

Jumamosi, sio Jumapili asubuhi. Nenda kwenye nyumba yenyewe, na TV yenyewe, waya uleule, cheza dakika tano kamili za episodi ya kesho. Usiseme "kwangu inacheza".

Mambo yanayotokea mara kwa mara:

Sauti ipo, picha nyeusi. Umetumia adapta ya bei chee kutoka kwenye laptopu au simu kwenda HDMI, na Netflix ina ulinzi wa kuzuia kurekodi, adapta isipoukubali inakunyima picha. Dawa ni laptopu yenye tundu lake la HDMI au programu ya Netflix iliyo ndani ya TV.

Picha ipo, sauti inatokea kwenye laptopu. Ingia mipangilio ya sauti ya laptopu uchague TV. Sekunde kumi tu, lakini mbele ya watu wanane unasahau kila kitu.

Faili inakatakata au TV inakataa kabisa kwenye flashi. Video nyingi za anime ziko kwenye mfumo wa H.265 wa biti 10, na TV za zamani na laptopu za zamani haziuwezi. Tumia mashine mpya zaidi, au toleo la H.264.

Sabtaito haitokei. Kama ni faili ya pembeni, iwe folda moja na video na jina lilelile herufi kwa herufi. Ikitokea lakini imewahi au imechelewa, kwenye VLC (programu ya kuchezea video) bonyeza G au H kwenye kibodi, inasogea kidogokidogo mpaka midomo na maneno vikutane.

Sabtaito ndogo. Kaa kwenye kiti cha mwisho kabisa usome. Usiposoma wewe hakuna atakayesoma, ikuze. Na sio wote wanasoma Kiingereza haraka, hilo watu hawasemi kwa aibu, wanaacha tu kuja. Mkalishe karibu na mtu anayeweza kumnong'oneza mistari mizito. Sio kutafsiri kila neno kama muvi za maDJ, mizito tu.

Kuhusu bando. Kwa vipimo vya Netflix wenyewe, ubora wa kati unakula kama GB 0.7 kwa saa na HD inafika mpaka GB 3. Kwa masaa 14 ya Death Note ni tofauti ya kama GB 10 na GB 42. Kwenye inchi 43 ubora wa kati unatosha, weka huo. Ukipakua kwenye simu kabla, jua kuwa episodi zilizopakuliwa zina muda wa kuisha, nyingine saa 48 tu tangu uanze kuicheza, kwa hiyo usizifungue Ijumaa kwa kiherehere.

*Utajua imekaa sawa:* umekaa kiti cha nyuma, feni imewashwa, na umeelewa dakika tano bila kunyanyuka.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Bonyeza saa 10:45. Hata wakiwa watatu. Ukimngoja mmoja leo, wiki ijayo watachelewa wote na waliowahi watajiona wajinga.

Simu zikae kimya, sio kwa sheria kali, ila waambie mhusika wao anaweza kupita nyuma ya picha wakamkosa. Inafanya kazi kuliko kufoka.

Chakula kiwe kikavu, mihogo ya kukaanga, karanga. Dagaa ni watamu lakini mikono yenye mafuta na laptopu ya mtu havipatani, na harufu inabaki kwenye makochi ya mama wa watu mpaka Jumatano. Vyombo mnaosha nyie. Hili nalisema taratibu kwa wavulana: mnaosha nyie.

Umeme ukikatika, chomoeni TV na sabufa, ngojeni dakika ishirini huku mkitoa ripoti za wahusika. Usiporudi, laptopu ikiwa na chaji wekeni kwenye stuli msogee mmalizie episodi mliyoianza, moja tu, zilizobaki zinahamia wiki ijayo. Msikazane kumaliza zote nne mkiwa mmebanana kwenye inchi 15.

Na zikiisha nne, zimeisha. Kuna mtu atasema "moja tu jamani". Kataeni. Ile moja ndo inayofanya wiki ijayo watu waone walishaangalia vya kutosha.

## Hatua ya 9: Katikati ya wiki

Usijaze grupu. Ujumbe miwili inatosha: Jumatatu picha ya ukurasa wa daftari wa jana, Ijumaa swali la Jumapili na jina la mwenye zamu. "Mambo wadau", "mko poa", na video za TikTok zikianza watu wanazima arifa, na wakishazima hawaoni hata saa ikibadilika.

Aliyekosa siku asipigiwe kelele. Mtumie namba za episodi za wiki hiyo, aangalie kabla ya Jumapili, atume ripoti ya mhusika wake kwa voisi. Akikosa mbili mfululizo mpigie simu, usimwandikie. Mara nyingi ni nauli au nyumbani wamemkataza kutoka, na yote mawili yanatatulika, mmoja anapita na baiskeli, au mwenzake wa kike anaenda kumuombea kwa mama yake.

Walioko mbali, Kasulu, Kibondo, au chuo Tabora, wapeni ratiba ileile. Wanabonyeza saa 10:45 kwao na kuandika kwenye grupu mnapofika mapumziko. Msihangaike kuunganisha video za moja kwa moja, bando linaisha na kila mtu anachelewa kwa sekunde zake.

## Vinavyokwama na dawa zake

Watu wamepungua ghafla wiki ya nne. Usibadilishe anime. Badilisha zamu ya swali, mpe anayeanza kulegea, na umwambie mapema.

Mkongwe mmoja anaongea juu ya kila tukio. Mpe daftari. Mtu anayeandika haongei.

Spoila imeshatoka. Msigombane mbele ya mgeni, mkigombana mnathibitisha. Cheka, sema "huyu anakumbuka vibaya", endelea.

Mwenye nyumba kachoka. Hamisheni kwa wiki mbili nyumba nyingine halafu murudi na kilo ya sukari. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza uwe na nyumba ya pili iliyojaribiwa mitambo, waya na kila kitu.

Mmemaliza na watu wanataka nyingine wiki hiyohiyo. Acheni Jumapili mbili zipite tupu. Kura ya chaguo tatu iende Jumatano ya wiki ya pili, kwa wale tu waliofika angalau siku saba kati ya tisa, na mchango uliobaki usomwe kwenye grupu kabla ya kura kufunguliwa.